Aliyefunga Ndiye Afungue

Uso wa mtoto hutoa damu nyingi kuliko jeraha lenyewe linavyostahili. Mkato mdogo juu ya nyusi unaweza kulowesha shati la baba, kanga ya mama na kiti cha bodaboda, na wote wakaingia kazualti wakipiga mayowe hata mlinzi akaacha geti. Mimi huwaambia watulie, tuoshe kwanza tujue damu inatoka wapi. Husema hivyo kwa ukali, kwa sababu mara nyingi sijanywa chai, na kwa sababu ukali unanisaidia nisitetemeke. Watu hudhani tabibu aliyezoea hatetemeki. Kwa mguu na mkono ni kweli. Kwa uso wa mtoto bado sijazoea, na sasa sidhani nitazoea.

Mimi ni klinikal ofisa hapa Lodwar. Watu huniita daktari, nami nimechoka kuwasahihisha. Nilizaliwa Taveta, mbali sana na huku, nikaja Turkana nikiwa kijana mwenye viatu vipya, nikijiambia nitakaa kidogo nihamishwe. Viatu vimekwisha, na nimebaki.

Kushona nyuso sikufundishwa chuoni. Chuoni tulishona ngozi ya mguu wa nguruwe, na nguruwe hakuwa na mama wa kutulaani. Nilijifunza Kakuma, katika kliniki moja ya kambini, kutoka kwa muuguzi mkimbizi aliyekuwa ametoka Kongo. Kule upepo ukianza, mabati ya paa yaliyopigiliwa vibaya huinuka, na watoto wako hapo chini wakicheza. Nilipokea mashavu, vipaji vya nyuso, masikio. Mara ya kwanza nilikaribia mtoto nikiwa na watu wanne wa kumshikilia, mmoja kwa kila kiungo. Yule muuguzi alinitazama, kisha akawafukuza wote nje kasoro mama.

"Mutoto haogope sindano," aliniambia. "Anaogopa mikono mingi."

Alichukua kitenge cha mama, akamviringisha mtoto mikono ikiwa ndani, akamlaza, akamketisha mama upande wa kichwani ili mtoto aone uso anaoujua. Akaanza kumuuliza mtoto habari za mbuzi wa jirani. Sindano ya ganzi ilipoingia mtoto alilia, ndiyo, lakini alilia kama mtoto anayedungwa, si kama mtoto anayeuawa. Tangu siku hiyo nimefanya hivyo.

Alinifundisha na mengine. Mdomo ukipasuka, utie alama ya wino pale ngozi inapokutana na wekundu wa mdomo kabla ya kudunga ganzi, maana ganzi huvimbisha na ule mpaka hupotea. Ukikosea hata unywele mmoja, mtu ataiona kasoro hiyo kila atakapozungumza na mtoto, mpaka mtoto awe mzee. Nyusi usizinyoe kamwe. Na uzi wa usoni usikae. Uso una damu nyingi, hupona haraka, kwa hiyo uzi utolewe kabla wiki haijaisha. Ukichelewa, ngozi inauzoea uzi, inaukumbatia, na kila tundu la sindano hugeuka kuwa kovu lake lenyewe, huku na huku ya mstari. Alisema kwa Kiswahili chake cha kwao: "Hapo sasa haiko kidonda ndio iliharibu uso. Ni weye."

Nilipohamia Lodwar nilikuja na maneno hayo. Kwa miaka kadhaa yalinitosha, kwa sababu stoo yetu ilikuwa na uzi mwembamba unaoyeyuka wenyewe. Ukishona nao, mtoto aende anakotaka, nyuma ya mbuzi au ziwani, uzi utakufa peke yake. Halafu ukaisha. Nilipouliza niliambiwa umeagizwa. Umeagizwa ni neno la stoo, maana yake ni kwamba usiulize tena. Kambini nako, rafiki zangu walioko huko waliniambia kwamba misaada ilipopungua hata ile gundi ya kubandika majeraha madogo haionekani. Tulibaki na uzi wa nailoni, mweusi, imara, usiokufa.

Ndipo akaja ata.

Ata ni bibi kwa Kiturkana. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, shanga zimepanda shingoni mpaka kidevuni, na mgongoni alikuwa amembeba msichana mdogo aliyefunikwa shuka lililokuwa limeganda damu. Nilimuuliza mtoto ana umri gani, akasema alizaliwa mwaka wa nzige. Alikuwa ameuza maziwa mjini miaka mingi, kwa hiyo Kiswahili alikijua cha kumtosha.

"Ejok, daktari."

"Ejok, ata. Nini imempata?"

"Pampu ya maji. Mama moja ameachilia, mkono ya pampu imeruka juu, imepiga yeye hapa." Alijionyesha mwenyewe, kutoka mdomo wa juu mpaka katikati ya shavu.

Nilifunua. Mkono wa chuma wa pampu ulikuwa umepasua mdomo ukavuka mpaka wake, ukapanda shavuni kwa mshazari. Jicho lilikuwa salama, meno yalikuwa salama. Mtoto hakuwa analia tena. Alikuwa ananitazama tu, upande mmoja wa mdomo ukiwa umening'inia, na mimi nikahisi ule mtetemeko wangu.

Ata alinishika mkono wa koti. "Sikiliza. Mama yake iko Longech, anakausha samaki. Aliniachia mtoto, uso mzima. Akikuja kuchukua, nitamrudishia na uso gani?"

Nilimwambia nitajitahidi. Ni jibu letu la kila siku, na halimshibishi mtu. Hakuniachia koti.

"Usijitahidi. Shona."

Basi nikashona. Mtu wa dawa ya usingizi alikuwa theatre na mwanamke aliyekuwa akijifungua, kwa hiyo ilikuwa ganzi na shuka na maneno. Nilimviringisha mtoto, nikamketisha ata kichwani pake. Nilitia alama ya wino kwenye mpaka wa mdomo. Nikadunga. Ata alianza kuimba polepole, sauti ya puani, wimbo ambao nadhani huimbiwa mifugo, na mtoto akaweka macho yake kwenye macho ya bibi yake, asiyatoe tena. Uzi wa kwanza niliutia pale pale penye wino, nikakaza, na mpaka ukakutana. Nimeshona nyuso nyingi. Ule mdomo ni miongoni mwa kazi zangu nzuri kabisa, nasema bila haya. Shavuni nilishona karibu karibu, vifundo vidogo, vyeusi, vilivyonyooka. Nilipomaliza shati lilikuwa limenishika mgongoni kwa jasho.

Nilimweleza ata mara mbili, na muuguzi wetu Mturkana akamweleza mara ya tatu kwa lugha yao: aoshe kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, asipake mafuta ya mbuzi mpaka nyuzi zitoke, amkinge na vumbi na jua, na arudi Alhamisi nitoe nyuzi. Alirudia kila kitu bila kukosea. Aliuliza swali moja tu.

"Utakuwa wewe?"

"Nitakuwa mimi."

"Sawa. Wewe umefunga, wewe utafungua."

Nilidhani ni namna yake ya kuaga.

Alhamisi haikumleta. Jumatano mvua ilikuwa imenyesha kaskazini, na mtoto wake wa kiume, mwenye mifugo, hakungoja hospitali. Majani yakichipuka unakwenda. Usipokwenda wewe atakwenda mwingine na mbuzi wake. Waling'oa makazi wakaelekea Kaaleng, na ata akaenda kwa sababu hapo ndipo penye maziwa, na mtoto akaenda kwa sababu hapo ndipo alipo ata. Nilipata habari hizi kwa muuza mkaa mmoja wa upande wao, baada ya namba ya simu waliyoniachia kukataa kuita. Nilikasirika. Nilimsema yule bibi mbele ya wauguzi, nikasema watu hawa ukiwashonea dhahabu wataipeleka malishoni. Muuguzi wetu Mturkana aliendelea kukunja pamba. Kisha akaniuliza mimi, mbuzi wangu wa Taveta wanakula wapi mvua ikikosekana.

Wiki iliisha. Kila asubuhi nilipofika nilitazama benchi la nje, nikijidai natafuta mtu mwingine.

Kisha simu ikalia, namba nisiyoijua. Alikuwa muuguzi wa zahanati ndogo huko huko upande wa Kaaleng, kijana mwenye adabu.

"Daktari, niko na msichana mdogo hapa, ameshonwa uso. Kazi safi sana. Nyuzi zimekaa, zinaanza kuingia ndani, lakini bado ziko poa. Nikizitoa leo hatabaki na alama kubwa. Shida ni shosho yake. Amekataa katakata."

"Amekataa nini?"

"Nisiguse. Anasema aliyefunga ndiye anafungua. Nimemuonyesha makasi, nimemuonyesha mpaka cheti changu ukutani. Ameniambia yeye hajui hiyo karatasi."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba halikuwa neno la kuaga. Baadaye niliuliza watu. Wengine walicheka wakasema hawajawahi kusikia sheria kama hiyo. Mzee mmoja alisema kwao, mganga akimfunga mtoto hirizi au kamba ya ugonjwa, mkono mwingine ukiifungua ugonjwa unarudi, na humpata mwingine nyumbani pia. Sijui ni mila ya nani hasa. Kwa ata ilikuwa sheria, naye alikuwa ameishika tangu alipotoka mlangoni kwangu.

Nilimwambia kijana aweke simu sauti ya juu. "Ata! Ni mimi, daktari wa Lodwar. Huyo kijana ni mkono wangu. Mimi nimemruhusu. Mwache atoe."

 Kuku walilia mahali fulani. Halafu sauti yake, ya upole kabisa.

"Ejok, daktari. Sauti nimesikia. Mkono iko wapi?"

Nilibishana naye. Nilimweleza habari za ngozi na uzi, nikapandisha sauti, nikamwambia anaharibu uso wa mtoto kwa mikono yake mwenyewe. Kadiri nilivyopandisha ndivyo yeye alivyoshusha. Alisema mtoto hana homa. Alisema anaosha kwa chumvi kama nilivyosema, na mafuta hajapaka. Alisema atakuja, mto ukishuka, mtoto wa kiume akipata mtu wa kushika mbuzi. Hasira hasara; niliposikia kijana akisema, "Daktari, taratibu, shosho ameinuka," nilijua nimempoteza.

"Nimshike?" kijana aliniuliza kwa sauti ya chini, baada ya kuondoa ile sauti ya juu. "Kuna watu hapa. Tukimshikilia mtoto ni dakika chache tu."

Nilifikiri. Kusema kweli nilifikiri muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Niliwaona watu hao, mmoja kwa kila kiungo, na bibi akisukumwa nje ya mlango. Na mtoto, ambaye kwangu hakushikiliwa na mtu, akijifunza pale kwamba zahanati ni mahali pa namna hiyo. Na baada ya hapo nani angemleta tena akiwa na malaria? Nilimwambia asimshike. Sijui kama nilisema sawa. Mpaka leo nikilala upande wangu wa kushoto huwa naona nilisema sawa, nikigeukia wa kulia naona nilikosea.

Basi niende mimi. Niliomba gari. Gari lilikuwa moja na lilikuwa la kina mama wanaojifungua, na hata mimi nisingelitoa kwa ajili ya nyuzi. Mkubwa wangu alinisikiliza vizuri, akasema ni jambo la kusikitisha, akaniuliza kama ripoti ya mwezi iko tayari. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nikaomba ruhusa ya mwisho wa wiki, nikapata lori la sukari linalokwenda kaskazini, nikakaa juu ya magunia na makasi yangu madogo yaliyochemshwa, yamefungwa kwa kitambaa, mfukoni. Tulikuta laga, ule mto wa msimu, imejaa. Maji yalikuwa yanapita mekundu, yamebeba miti mizima. Dereva alizima injini, akatandika mkeka chini ya lori, akalala. Sisi wengine tulikaa ukingoni kutazama maji, na kila baada ya muda mtu mmoja alisema yameshuka kidogo, na hayakuwa yameshuka. Siku ya pili ilibidi nirudi na lori la mkaa lililokuwa likigeuza, maana Jumatatu nilikuwa zamu peke yangu. Makasi sikuyafungua.

Sijui kuwaeleza watu hali ile. Kidonda unakijua, dawa yake unaijua, nayo ni jambo dogo kabisa, jambo la kukata uzi, mtoto wa shule angeliweza. Na kila siku inayopita unajua kinachotendeka kwenye ngozi ile, kama vile uko ndani yake. Leo tundu limefunga. Leo uzi umezama. Nilikuwa nashona watoto wengine, nawaambia mama zao watarudi lini, na ndani nilikuwa nahesabu siku za yule mmoja. Nilipiga simu ile zahanati tena. Ata na watu wake walikuwa wamehama mbele zaidi.

Alikuja mwezi mwingine kabisa, asubuhi. Nilipofika kazini alikuwa wa kwanza kwenye benchi, miguu imejaa vumbi jeupe hadi magotini, na mtoto amelala mapajani mwake, uso umefunikwa kitambaa cheupe kilichofuliwa. Walikuwa wametembea sehemu, wamebebwa na lori la mbuzi sehemu. Aliponiona hakulalamika wala hakueleza. Alitabasamu, akakifunua kitambaa kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayeonyesha amana aliyotunza.

"Zote ziko," alisema. "Hakuna mtu amegusa."

Nilikuwa nimeandaa maneno kwa wiki zote hizo. Niliyatunga kwenye magunia ya sukari na kitandani, makali, ya kumkomesha. Nikainama nikatazama. Hapakuwa na usaha hata kidogo. Hapakuwa na wekundu. Katika vumbi lile, katika jua lile, nyuma ya mbuzi, bibi huyu alikuwa ametunza kidonda kuliko wodi yangu inavyotunza. Mpaka wa mdomo ulikuwa umekutana barabara. Mtoto alipopiga mwayo mdomo ulifunguka sawasawa pande zote mbili. Mstari wa shavuni ulikuwa umefunga mwembamba, na baada ya mwaka mtu angehitaji kuutafuta. Na huku na huku ya mstari huo mwembamba, vimejipanga, vilikuwa vifundo vyangu vyeusi, kila kimoja ndani ya shimo lake, ngozi imekipanda juu. Maneno yale sikuyasema; nilikwenda kunawa mikono.

Ilichukua muda mrefu kuvitoa. Vingine ilibidi nivichimbe kwa ncha ya sindano. Nilimviringisha mtoto kwa shuka, ata akakaa kichwani, akaimba, na mtoto akatazama macho yake. Hakulia. Nilikuwa nalia mimi kidogo, nikijifanya jasho limeniingia. Nilivipanga vile vipande vya uzi kwenye shashi, na ata alikuwa anavitazama kila kimoja kinapotoka, akitikisa kichwa kwa kuridhika, maana sheria ilikuwa inatimia.

Nikaosha. Nikakausha. Ata akainamisha uso wake karibu kabisa na wa mtoto. Alipitisha kidole kwenye mdomo, akaguna kwa furaha. Alipitisha shavuni, kwenye mstari. Kisha kidole kikasimama kwenye tundu moja, kikaenda kwenye la pili, kikaenda kwenye la tatu.

"Hizi zitaisha?"

"Zitapungua, ata. Haziishi."

"Mama yake anakuja mwezi huu." Kidole kilikuwa bado kinatembea. Akauliza bila kuniangalia: "Hizi ni za pampu, ama ni za uzi?"

Ningeweza kusema za pampu. Muuguzi wetu Mturkana, aliyekuwa ameshika taa, alinitazama akiniomba niseme za pampu. Nilifungua mdomo. Lakini huyu ni mtu aliyenirudia kutoka Kaaleng kwa sababu aliamini kila neno nililomwambia, na ulimi ulikataa kusema uongo.

"Ni za uzi, ata. Zilikaa sana."

 Nje mtu alikuwa anaita mgonjwa anayefuata. Nikaanza kusema kwamba ni mvua, ni mto, ni stoo isiyo na uzi wa kuyeyuka, ni mimi niliyeshindwa kufika, nikamwaga sababu zote nilizokuwa nazo, na zote zilikuwa za kweli. Alinisubiri nimalize, kwa heshima.

"Kwa hivyo ni mimi," alisema.

Kisha akachukua kile kitambaa cheupe, akamfunika mtoto uso, akakifunga nyuma ya kichwa, ingawa tulikuwa ndani na hapakuwa na vumbi wala jua. Mtoto alikivuta kikashuka shingoni, akacheka, alitaka kuona taa. Ata akakipandisha tena.